Hukuomba Chapati

Magesa mwanangu,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi na shati lako la bluu, umeteremka na njia ya mawe kwenda Mabatini kuwaaga wenzako, na mchana umekula vizuri. Hali yangu mimi si nzuri. Nimekaa mezani, Eliza anaosha vyombo nje, begi lako limesimama mlangoni na kila nikiinua macho naliona. Nitaandika mpaka urudi. Kesho nitakupa barua hii mkononi, na uisome basi likishatoka Nyegezi. Usiisome mbele yangu, tafadhali. Sitaweza.

Mambo ya kulinda simu stendi, kuchemsha maji na kufua soksi sitayagusa. Una miaka ishirini, na hayo nimekuonyesha kwa vidole mpaka umeanza kunigeuzia macho. Nataka kujibu swali uliloniuliza Jumapili jikoni, kwa sababu nililijibu kijinga.

Tulikuwa tumetoka kanisani, mimi nasonga ugali. Ukanigusa bega, ukaninyooshea kidole, kisha ukatandaza viganja viwili ukavigeuza pamoja. Ukaendelea na alama nyingine ambazo sikuzishika, ukamalizia kwa kujigusa kifua na kuinua nyusi. Mimi niliona viganja vinageuzwa, nikaona chapati. Nikasema moyoni, mtoto anataka chapati za safari. Nikacheka, nikakuitikia kwa kichwa, nikakuonyesha dole gumba, nikavaa kandambili na kwenda dukani kununua ngano. Wewe ulinitazama. Kisha ukapunga mkono, ile alama yako ya “basi, acha”, ambayo ndiyo naijua kuliko zote kwa jinsi ulivyonifanyia mara nyingi.

Kesho yake jioni nilikuwa mbele ya jiko nageuza chapati, nimejaza hotipoti nzima, na nilikuwa na furaha kwamba safari hii nimekuelewa bila kuomba msaada. Eliza akaingia.

“Mama, za nani zote hizo?”

“Za kaka yako. Ameniomba mwenyewe jana.”

Mdogo wako akaniangalia, akaangalia chini. “Mama, hakuomba chapati.”

“Aliomba nini?”

“Alikuuliza hivi: wewe ukifa, nani ataniambia?”

Chapati iliyokuwa kwenye kikaango iliungua. Moshi ukajaa, Eliza akakohoa, akaja akaitoa yeye. Tangu siku hiyo nakukwepa humu ndani, na najua umeona, kwa sababu wewe hukosi kuona kitu. Ulifikiri nimekasirika. Sikukasirika, Magesa. Nilikuwa na aibu, na nina aibu hata sasa.

Sitajifanya sijui ulikolitoa swali hilo. Siku baba yako alipofariki nyumba nzima ilijua, majirani walijua, muuza mkaa alijua, na wewe hakuna aliyekuambia. Mimi mama yako nilikuwepo, nilikuwa na mikono miwili, na sikukuambia.

Acha nianzie mbali kidogo. Nikianzia pale nitashindwa kuendelea.

Ulipopoteza masikio ulikuwa na miaka minne. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Ulilala wodini ukiwa mtoto wa maneno mengi, mpaka wauguzi walikuita mhubiri, ukaamka ukiwa unanitazama mdomo. Nilikuita, hukugeuka. Nikaangusha sufuria makusudi nyuma yako, hukushtuka. Miaka miwili baadaye kituo chetu kilipata mashine ya utrasaundi, na mimi, nesi wa kawaida, nikateuliwa kwenda kujifunza kuitumia.

Siku ya kwanza mwalimu wetu aliwasha mashine, akashika probu, kile kichwa kinachowekwa mwilini, akakinyanyua juu. Akatuuliza, “Humu ndani kuna sauti kubwa sana inapigwa sasa hivi. Nani anaisikia?” Tukatega masikio. Hakuna. Akasema, “Basi humu sote viziwi.” Darasa likacheka, nami nikaanza kucheka nao, halafu nikaacha. Alitueleza kwamba sauti ni mtetemo, kwamba sikio la mtu hukomea kwenye mitetemo elfu ishirini kwa sekunde, na probu ile inatetema mara mamilioni. Ni sauti kabisa, inasafiri, inagonga vitu, inarudi, lakini hakuna mwanadamu aliyezaliwa wa kuisikia. Mapumziko nilikwenda chooni nikalia. Nilijiambia, kumbe mbele ya sauti hii mwanangu na mimi tuko sawa.

Ningekuambia hilo jioni ile ile niliporudi, labda maisha yetu yangekuwa mengine. Sikukuambia. Sikuwa na namna, ndivyo nilivyojitetea. Lakini namna ilikuwepo. Mwalimu wa shule yenu alikuwa anafundisha wazazi Lugha ya Alama kila Jumamosi, bure, na mimi nilihudhuria mara chache nikaacha. Sababu yangu nakuambia ilivyo: niliamini nikijifunza alama zako nitakuwa nimekubali kwamba hutasikia tena. Nilikuwa bado nasubiri upone.

Unakumbuka mafuta? Wagonjwa wangu hawaipendi jeli tunayowapaka kabla ya kuweka probu, wanasema ni ya baridi. Bibi mmoja wa Magu nilipompaka tumboni alifumba macho, akauliza, “Hayo ni mafuta ya upako, mwanangu?” Kabla sijajibu akasema “Amina” kwa sauti mpaka waliokuwa nje kwenye benchi wakaitikia. Nilicheka siku ile, lakini nilipofika nyumbani nilikukumbuka wewe ukiwa na miaka saba, umepigishwa magoti, mchungaji anakumiminia mafuta masikioni na watu wanapiga makofi. Ulidhani ni mchezo, ukacheka. Nilikufinya. Nikakukemea kwamba unafukuza muujiza. Ukaanza kulia, na mafuta yanakuchuruzika mpaka kwenye kola. Nikiwaza ule mkono wangu uliokufinya natamani ungekuwa wa mtu mwingine.

Kumbe jeli haina muujiza wowote. Ile sauti ya mashine haiwezi kuvuka hewa. Kukiwa na hewa kati ya probu na ngozi, hata nyembamba namna gani, sauti inagonga pale inarudishwa karibu yote, na kwenye kioo unaona giza na mistari isiyo na maana. Mashine nzima, umeme, mtaalamu, yote bure kwa sababu ya nafasi ndogo ambayo jicho haliioni. Jeli inaziba nafasi hiyo tu. Kwa miaka mingi nimewapaka watu wasionihusu, nikibonyeza taratibu, nikiuliza kama nawaumiza, na nyumbani nilikuacha na nafasi hiyo kati yetu. Alama mia mbili au mia tatu zingetosha kuiziba. Eliza alizijua kabla hajaanza shule, kwa kucheza na wewe tu.

Halafu wakakuita bubu. Nataka uelewe ninavyolichukia neno hilo, na kwamba sikulikataa lilipotajwa. Kiziwi ni mtu asiyesikia. Bubu ni mtu asiyesema. Wewe ulisema kutwa nzima, kwa mikono, kwa nyusi, kwa mabega, ulikuwa unatuigiza sote mpaka baba yako anashika mbavu. Hukuwa bubu hata siku moja. Sisi ndio hatukusikia. Lakini shangazi yako akisema “Mwiteni yule bubu ale,” mimi nilikuwa nasema “Magesa njoo,” basi, bila kumsahihisha, eti ni wifi yangu, ni mkubwa, nisionekane mkorofi.

Mashine hii unayokwenda kujifunza kuitengeneza chuoni Dar ina tabia moja ambayo nilifundishwa mapema nikaichukulia kuwa ni jambo la mtihani. Inapiga sauti fupi mno, kufumba na kufumbua ni muda mrefu ukilinganisha, halafu inanyamaza. Probu ile ile iliyotoa sauti ndiyo inayogeuka sikio. Inasubiri mwangwi. Sauti ndani ya nyama ya mwili huenda karibu kilomita moja na nusu kwa sekunde, na mashine inaujua mwendo huo. Kwa hiyo inapima mwangwi umechukua muda gani, inagawa kwa mbili kwa sababu sauti imekwenda na kurudi, na inajua ini liko wapi, figo iko wapi. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kunyamaza. Ingepiga kelele mfululizo isingeona kitu.

Mimi nilikuwa wa kelele, mwanangu. Nilikupazia sauti sikioni kama vile ungesikia kwa kukasirikiwa. Nilikukamata kidevu nikugeuze unitazame mdomo, sema ma-ji, sema cha-ku-la. Wewe ulikuwa unanijibu kwa mikono na mimi nakushusha mikono. Nilikushusha mikono, Magesa! Mwalimu wenu aliniambia baadaye kwamba ni sawa na kumziba mtu mdomo.

Ngoja nikukumbushe na zuri moja, maana barua hii imeniwia nzito na bado sijafika. Nilipokuwa na mimba ya Eliza, mwenzangu kazini alinipima, na wewe ulikuwa umesimama pembeni na mkoba wa shule. Kuna namna ya kupima damu inayotembea. Sauti ikigonga kitu kilichotulia inarudi ilivyokwenda. Ikigonga damu inayokuja kwako inarudi mitetemo yake imepanda kidogo, ikigonga inayokwenda mbali inarudi imeshuka. Tofauti hiyo ni ndogo, na bahati nzuri iko kwenye kipimo cha masikio yetu, kwa hiyo mashine inaipeleka kwenye spika. Ndiyo ile sauti ya mapigo ya mtoto ambayo akina mama wanalia wakiisikia. Mwenzangu akafungulia spika. Mimi nikatabasamu, yeye akatabasamu, na wewe ukatuangalia huyu na huyu. Ukajua kuna kitu umekosa.

Sikufikiri. Nilikushika mkono nikakuwekea kiganja kwenye spika. Sijui nani alinipa akili hiyo, kwa sababu mwenyewe sikuwa nayo. Uso wako ulibadilika wote. Ukauacha mkono pale mpaka mwenzangu akasema mgonjwa mwingine anasubiri. Usiku ulipokuja kulala ulinigongea mgongoni kwa vidole viwili, mbio mbio, tu-tu-tu-tu, mwendo ule ule wa mtoto, ukaonyesha tumbo langu, ukacheka. Ulikuwa na miaka kumi. Uliukamata moyo wa mdogo wako kwa ngozi ya mkono, sawasawa, na mimi ningepaswa kuanzia hapo kujua kwamba kila kitu kinaweza kukufikia ikiwa kuna mtu atajisumbua kukifikisha.

Tangu siku ile ukaanza kuja kituoni ukitoka shule, unakaa kwenye kiti kile kilichopasuka, unaangalia mashine mpaka jioni. Nilidhani unakimbia kazi za nyumbani.

Sasa nakuja kwa baba yako.

Mzee Mafuru alizaliwa Majita, ziwani, na utoto wake wote alikuwa ndani ya maji: kuoga, kuvua, kuosha nyavu. Kichocho cha maji yale kinakaa mwilini miaka mingi kimya, kikilikakamaza ini. Alipokuwa anasimamia biashara yake ya dagaa pale sokoni Mwaloni alianza kulalamika tumbo limejaa, akalegeza mkanda, tukamtania kwamba anakula vya watu. Siku moja alikuja kituoni na wewe. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Nikamlaza, nikampaka jeli.

Ini lenye afya lina rangi ya kijivu iliyotulia. La baba yako lilikuwa na michirizi myeupe imezunguka mishipa kila upande, kwa sababu nyama iliyokakamaa inarudisha mwangwi mwingi. Bandama lilikuwa limevuka mahali pake. Na pembeni kulikuwa na weusi. Maji hayarudishi kitu, sauti inapita tu, ndiyo maana kwenye kioo yanakuwa meusi. Yalikuwa mengi. Nilikuwa nimeyaona kwa wagonjwa wengine na nilijua wagonjwa hao wako wapi.

“Mama Magesa, unaona nini?” akaniuliza.

“Daktari atakueleza.”

“Nakuuliza wewe.”

“Mimi napiga picha tu, baba. Daktari ndiye anayesoma.”

Ndivyo tunavyofundishwa kusema, na kwa mgonjwa wa mtu ni sawa. Yeye akafuta jeli mwenyewe na kitambaa, akasema, “Basi nimeelewa.” Nikainua macho, wewe ukawa unanitazama, umeinua nyusi. Uliona uso wangu kabla sijaupanga. Uliniuliza waziwazi, bila hata alama. Na mimi nikakuonyesha dole gumba. Mzima! Nikatabasamu na meno. Nimemdanganya mume wangu kwa kunyamaza na nimekudanganya wewe kwa kidole.

Kuanzia hapo tulikuwa na miezi kadhaa, na katika miezi hiyo ningeweza kukuandaa. Baba yako alitaka. Aliniambia, “Mwambie huyu bwana mkubwa kwamba mimi naondoka.” Nikamwambia nitamwambia kesho. Hiyo kesho niliisogeza mpaka ikaisha.

Alifariki asubuhi wodini, baada ya kutapika damu usiku. Wewe ulikuwa likizo, umelala. Nilirudishwa nyumbani nimeshikwa mikono na shangazi yako, nikaketishwa ndani kwenye godoro na wanawake wakanizunguka. Unajua desturi, mfiwa hanyanyuki. Kilio kilikuwa kikubwa mpaka mabati yanalia, na wewe ulikuwa chumba cha pili umelala fofofo.

Ulipoamka uliona pikapu inashusha viti mlangoni na vijana wanasimamisha turubai. Ulisimama ukiangalia. Mwezi mmoja kabla ya hapo turubai lile lile lilikuwa kwa jirani, binti yao anaagwa kwenda kuolewa, na ulikuwa umekula pilau ukacheza mpaka jioni. Nilikuona kupitia dirisha. Nikaona umefurahi. Ukakimbia kwenye pikapu ukaanza kubeba viti, vinne vinne kichwani, unakimbia navyo, unavipanga mistari, unawaonyesha wakubwa mstari umenyooka. Mtu mmoja akamnong'oneza mwenzake, wakakuangalia, wakakuacha. Shangazi yako akasema, “Mwacheni bubu wa watu abebe, mkimwambia mtamchanganya bure.”

Ukanyanyua macho ukaniona dirishani. Ukanipungia. Ukapiga ngoma hewani kwa mikono miwili, ukauliza kwa nyusi: ya nani?

Niligeuza uso ukutani.

Sina la kuongeza hapo. Nimejaribu kujitetea kwa kila njia miaka hii sita, kwamba nilikuwa nimechanganyikiwa, kwamba desturi, kwamba wanawake walikuwa wamenishika. Nilikuwa nimeshikwa, ndiyo, lakini shingo haikuwa imeshikwa na mtu. Niliigeuza mwenyewe.

Uliendelea kubeba viti. Ukawapa watu maji. Mchana gari lilipokuja kutoka mochwari ulikuwa mbele kabisa ili uone vizuri sherehe. Wakashusha sanduku, wakafungua sehemu ya uso watu waage, na wewe ukasogea.

Ile sauti uliyotoa, mwanangu, naisikia mpaka leo nikiwa nampima mtu. Waliokuita bubu waliisikia. Na uliponigeukia mimi hukuwa unalia tena, ulikuwa unanitazama tu, ukitafuta kwenye uso wangu tangu lini nilijua. Ulilipata jibu. Baada ya hapo, kwa miezi mingi, hukuniambia jambo lolote kwa mikono yako, na mimi nilisema afadhali, ametulia.

Kwa hiyo, nani atakuambia?

Siumwi, usiogope. Nikiumwa utaambiwa na mimi mwenyewe, kwa video ya simu, kwa mikono hii mizito, kabla ya shangazi na kabla ya mchungaji. Nitakosea alama, utanisahihisha. Nikiona kitu kwenye kioo kuhusu mwili wangu sitakuambia kwamba daktari atakueleza.

Siku nitakapokufa, Eliza atakuambia. Nilimuuliza kama ataweza, maana bado ni mtoto wa miaka kumi na sikutaka kumtwika. Akanishangaa. “Mama, mimi ndiye ninayemwambia kila kitu hata sasa.” Ndivyo alivyosema, bila kunisuta, na akaendelea kumenya viazi. Tangu jana ananifundisha. Alama ya kufa nimeijua. Ile ya chapati nayo nimeijua, na hazifanani hata kidogo, kumbe, mtu yeyote mwenye macho angeona.

Na asubuhi hii nilipanda kwa shangazi yako. Nikamsalimu, shikamoo wifi, akaitika marahaba. Nikamwambia mambo mawili. La kwanza, mwanangu anaitwa Magesa, na asiyelijua jina lake anyamaze. La pili, siku ya msiba wangu kisishushwe hata kiti kimoja kabla Magesa hajaambiwa, popote alipo, hata wangoje mpaka usiku. Akaguna. Akasema, “Umekuja kunigombeza asubuhi yote hii?” Nikamwambia ndiyo. Akasema amesikia.

Huko Dar utakuwa na mkalimani darasani na wenzako wanaozungumza lugha yako, na utakuwa na watu wa kuongea nao mpaka uchoke. Nakuonea wivu, na najua huenda hutatamani kurudi kwenye nyumba ambayo unapunga mkono unasema basi, acha. Sitakulaumu. Ukiona umefurahi huko, furahi. Lakini kama siku moja utakuja, utakuta nimejifunza, na utaniuliza kitu jikoni na nitakujibu hicho hicho.

Imebaki kazi moja ambayo nilipaswa kuifanya miaka sita iliyopita. Hakuna mtu aliyewahi kukuambia msiba ule. Uliuona tu. Haijalishi kwamba unajua. Ulistahili kuambiwa na mama yako, na nakuambia sasa, na kesho stendi kabla hujapanda basi nitakuambia tena kwa mikono, mbele za watu wote, ndipo nikupe barua hii.

Magesa, nitazame. Baba amefariki. Amefariki leo asubuhi, hospitali, nilikuwa nimemshika mkono, hakuwa peke yake. Alikutaja wewe. Hii si sherehe, mwanangu, watu hawa wote wamekuja kulia na sisi. Weka chini hivyo viti. Kuna watu wa kuvibeba. Njoo ndani, wanawake watakupisha, njoo ukae hapa kwenye godoro na mimi.

Mama yako